Dobi wa Karatasi

Ukija mtaani kwetu Bwiza ukauliza Ilias wa fotokopi, watakuonyesha Ilias watatu, na mmoja wao hana hata karatasi, anauza makaa. Uliza Dobi. Hapo hata mtoto mdogo atakuleta mpaka mlangoni petu. Nasema petu kwa sababu chumba ni kimoja na kodi tunagawana. Upande wa kushoto niko mimi, Raihana, na cherehani yangu. Upande wa kulia yuko yeye na kompyuta, skana, na ile mashine ya fotokopi inayokohoa kuliko babu yangu. Katikati tumetundika pazia. Pazia lenyewe ni la adabu tu, halizuii kitu. Mimi nasikia kila kinachosemwa kwake, naye, masikini, anasikia kila ninachosema mimi, na kusema nasema.

Huyu dobi hafui nguo. Za kwake mwenyewe anafuliwa na mkewe. Yeye anafua karatasi. Unamletea cheti cha ndoa kimemwagikiwa chai, kimekunjwa mara nane, kimelaliwa chini ya godoro tangu enzi za baba yako. Anakiskani, halafu anakaa mbele ya kompyuta, miwani imeshuka mpaka nchani mwa pua, anashika kipanya chake na kusugua. Chai inatoka. Mikunjo inatoka. Kutu ya pini inatoka. Ukirudi jioni unakuta cheti cheupe pee, mistari imenyooka, utadhani ulioa jana. Watu walikuwa wanapiga vigelegele, wallahi. Kuna mama mmoja alilia pale pale kwenye benchi langu, akamwaga machozi juu ya kitambaa cha mteja.

Tabia hiyo aliitoa bandarini. Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi miaka kumi na mmoja kwa wakala mmoja wa mizigo, akipiga taipu karatasi za shehena zinazoteremka ziwani kwenda Kigoma na Kongo. Huko, anasema, karatasi yenye doa ilikuwa inarudishwa. Boti limeshapakiwa, wapagazi wamekaa juu ya magunia wanangoja, karatasi inarudi kwa sababu ya tone moja la wino, naye anaanza upya tangu mstari wa kwanza.

"Nilizomewa na bandari muzima, dada Raihana," ananiambia. "Tangu siku ile, mi na doa hatupatani."

Na kuhifadhi anajua, hilo sitamnyima. Kila anachoskani anakiweka mahali pawili: ndani ya kompyuta, na ndani ya diski ndogo anayoifukia kwenye kopo la maziwa ya unga lililojaa mchele mkavu, ili unyevu usiiguse. Kopo liko kabatini, kabati lina kufuli, ufunguo uko shingoni mwake. Ila majina ya mafaili, Mungu anisamehe, ni vituko. "Mama Ndagala." "Murhula wa pikipiki." "Yule mrefu anayekopa." Siku moja nikamuuliza, je, ukifa, nani atajua nani ni nani?

"We utawajua wote," akasema. "Kuna mutu gani humu mujini haujamusema?"

Nilimtupia kipande cha kitambaa. Lakini ni kweli.

Basi. Jumatatu moja, mwaka ule ziwa lilipopanda mpaka likaingia sebuleni mwa watu, akaja Candide.

Candide ni mteja wangu wa zamani, mwalimu wa shule ya msingi, mkaazi wa Kibenga, mwanamke wa maneno machache na magauni mazuri. Magauni nayajua, nashona mimi. Dada yake alipofariki alimwachia binti wa miaka mitano, Amélie, na Candide akamlea kama aliyemzaa. Sasa Amélie alikuwa na miaka kumi na saba na amepata nafasi kwenye chuo cha uuguzi kule Kigoma. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu. Kwa kuwa binti hajafika miaka kumi na minane, chuo kilitaka hukumu ya mahakama inayosema Candide ndiye mlezi wake. Itumwe kwa intaneti, na iwe imethibitishwa na notere, yaani yule mwanasheria anayelinganisha kopi na karatasi yenyewe, akiridhika ndipo anagonga muhuri. Mwisho Ijumaa saa kumi. Isipofika, nafasi anapewa mwingine.

Na hukumu hiyo Candide aliileta ndani ya sahani. Sahani, nakwambia! Maji yaliingia nyumbani kwake akiwa kazini, yakajaa mpaka droo ya chini, yakakuta karatasi zote za maisha yake, na flashi juu yake. Ile ya hukumu ilikuwa imelegea, ukiigusa inakuja na kidole.

"Dada Raihana," akasema, akinisogezea sahani, "we una pasi."

Niliilaza katikati ya vipande viwili vya marekani, nikachukua pasi yangu ya mkaa, nikaipitisha juu juu huku nasoma kila dua ninayoijua. Nusu ya juu ilirudi. Kichwa cha habari, majina, tarehe, na ukingo wote wa pembeni. Nusu ya chini, palipokuwa na sahihi ya hakimu na muhuri, ikabaki kwenye kitambaa, rangi ya zambarau tupu.

"Muhuri umehamia kwangu," nikasema, nataka nimchekeshe.

Hakucheka. Alikaa chini sakafuni na gauni lake zuri, akalia. Mahakamani alishakwenda asubuhi hiyo. Karani alimpa pole na kumweleza kwamba vitabu vya mwaka wa hukumu hiyo vimefungwa masandukuni, vinangoja zamu yao ya kuskaniwa, arudi baada ya miezi mitatu. Na Ijumaa ilikuwa siku nne tu mbele yetu.

Hapo pazia likafunguka.

"Mama Amélie," Ilias akasema, "hiyo karatasi si mi nilikuskania? Miaka mine sasa. Ulikuja na mwavuli mwekundu."

Akafungua kabati, akachomoa kopo, mchele ukamwagika mezani, diski ikaingia kwenye kompyuta. Faili lilikuwa linaitwa "Mwalimu wa magauni". Na ndani yake, hukumu nzima! Sahihi ipo, muhuri upo, herufi zinang'aa. Tulipiga kelele sisi watatu mpaka watu wa baa ya pili wakaja kuuliza nani kafunga goli.

Kesho yake nilimsindikiza Candide kwa notere. Petroli ilikuwa imepotea mjini kama kawaida yake, tukaenda kwa miguu. Hakuna aliyeniomba kwenda. Nilikwenda kwa sababu pasi ilikuwa yangu, na kwa sababu napenda kujua mambo yanaishaje.

Notere mwenyewe, Maître Térence, maana wanasheria tunawaita Maître, ana ofisi ghorofani, katikati ya mji. Ni kijana bado, mpole, anasoma kwa kidole. Aliweka mbele yake ile nusu niliyoipiga pasi, akaweka na ile iliyotoka kwenye kompyuta ya Ilias, akaanza kushuka mstari kwa mstari, kidole hiki huku, kidole kile kule. Mimi nikawa nahesabu vigae vya sakafu. Mara vidole vikasimama.

"Madamu," akamwambia Candide, "hebu tazama hapa."

Tukainama wote. Kwenye karatasi niliyoipiga pasi, karani wa mahakama alikuwa ameandika kwamba Amélie alizaliwa mwaka 2003. Akagundua amekosea, akaukata kwa mstari, akaandika 2008 juu yake. Na pembeni, mkabala na kosa, palikuwa na vialama viwili vya biki, vidogo, vimejikunja. Notere akatueleza: hizo ni herufi za karani na za hakimu, kila mmoja anashuhudia kwamba kosa hili tumelisahihisha sisi. Bila herufi hizo, namba iliyobadilishwa haina mwenyewe.

Kwenye kopi ya kompyuta hakukuwa na 2003. Hakukuwa na mstari. Hakukuwa na vialama. 2008 ilikuwa imekaa mahali pake imenyooka, kana kwamba hakuna binadamu aliyewahi kukosea.

"Moja kati ya hizi mbili inasema uwongo," Maître Térence akasema, na upole ulikuwa umemtoka. "Tena uwongo wa umri. Unajua ni wangapi wanapanda ngazi hizi kupunguza umri wa watoto wao? Nani ametengeneza hii? Kama ni wewe, madamu, sitagonga muhuri, nitapiga simu polisi. Huku ni kughushi karatasi ya mahakama."

Candide alishika ukingo wa meza. Mwalimu wa serikali, miaka ishirini na mbili darasani, anaambiwa kughushi! Chuo cha mtoto kinaondoka, na kazi yake nayo iko njiani. "Mi sijui hata kuwasha kompyuta," akasema, na sauti haikufika mbali.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilitoka mpaka barazani nikampigia Ilias. "Njoo sasa hivi. Na uje na ulimi mwepesi."

Alikuja amekalia baiskeli ya kukodi, jasho linamtiririka. Nilimkamata kwenye ngazi kabla hajapanda.

"Ni ile 2003?" akauliza, hata sijafungua mdomo.

"Ndiyo hiyo! Ulifanya nini wewe?"

Akaegemea ukuta. "Vile vya pembeni nilidhani mutu alikuwa anajaribu biki." Na hapo siwezi kumlaumu sana, maana watu wa ofisi zetu kujaribu biki kwenye ukingo wa karatasi ni ugonjwa. "Na ile namba iliyokatwa, niliona haya kwa ajili ya karani. Nikamusafishia. Halafu ile ya juu nikaishusha, ikae sawa na mustari. Dakika arobaini, dada Raihana."

Amini usiamini, hata pale kwenye ngazi alizitaja zile arobaini kwa majivuno kidogo. Mkono uliniwasha.

"Sikia, Baba Houda," nikamwambia, kwa jina la mwanawe wa kwanza. "Sema ni mashine. Sema umeme ulikatika katikati, skana ikala mistari. Nani atabisha? Mashine haifungwi jela. We una mke na watoto."

Ndiyo, ni mimi niliyesema. Wakati ule niliona ni akili nyingi.

Aliingia, akatoa salamu, akabaki amesimama. Maître akamsukumia zile karatasi mbili na kumuuliza kama anazijua. Mimi nilikuwa nyuma ya notere namkazia macho Ilias: mashine, mashine. Akavua miwani akaifuta kwa shati, na haikuwa na doa.

"Ni mimi, Maître," akasema. "Mashine haina kosa. Skana ilileta yote, na vialama, na 2003. Mi ndiye nilivifuta kwa mukono wangu. Huyu mama hakuniomba, hakujua. Alikuja kuchukua flashi yake, akashukuru, urakoze, akaenda."

"Una picha ile ya kwanza, kabla hujafuta?"

"Apana. Chafu siwekagi."

"Unajua kubadilisha hukumu ya mahakama ni kosa gani?"

"Leo najua."

"Hii kazi umeifanya miaka mingapi?"

"Tisa."

"Na karatasi ngapi umezisafisha namna hii?"

Hapo nilisogea kando ya Ilias, nikamkanyaga mguu. Jibu lilikuwa jepesi, lilikuwa linamngoja: hii moja tu, Maître, bahati mbaya. Na nani angekwenda kuhesabu?

"Zote," Ilias akasema.

Maître Térence akaweka kalamu chini. "Zote za Bwiza?"

"Na za Buyenzi kidogo."

Sijui kama yule kijana alitaka kucheka au kulia, maana alijifunika mdomo kwa kiganja akatazama dirishani kitambo kirefu. Candide alikuwa amemgeukia Ilias, anamwangalia tu. Mimi nilikuwa nasoma inna lillahi kwa ajili ya biashara ya jirani yangu.

"Hii siwezi kuiita kopi," Maître akasema mwishoni, akigonga kwa kidole ile karatasi nyeupe nzuri. "Kopi ni pamoja na makosa. Karani akikosea, kosa lake ni mali ya karatasi. Lakini ninaweza kuandika kilicho kweli, na kweli yenyewe ipo, imesimama hapo inatoa jasho."

Akafanya hivi. Akaskani mwenyewe ile nusu ya pasi, pamoja na alama ya mahali nilipoiunguza kidogo. Akaweka na picha ya Ilias kwa ajili ya sahihi na muhuri wa chini. Kisha akamtaka Ilias aandike kwa mkono wake, chini ya kiapo, jina lake, namba ya kitambulisho, alifuta nini, wapi, na kwamba hakutumwa na mtu. Vyote vitatu vitafungwa kwenye faili moja, naye ataweka sahihi yake ya kompyuta, ile ambayo mtu akigusa hata nukta moja baada yake, inajulikana. Chuo kitaamua chenyewe.

"Na kiapo chako kitabaki kwangu," akamwambia. "Mwaka kesho, miaka kumi, mtu akikushitaki, kitakuwepo hapa na jina lako. Umeelewa? Tena ndani ya mwezi mmoja uwaite wateja wako wote, karatasi ziskaniwe upya."

"Ego, Maître," Ilias akakubali.

Akakaa, akaandika. Alipofika kwenye tarehe akaandika mwezi uliopita. Nilimwona anashituka na kuipeleka kalamu pembeni, anatafuta karatasi nyingine aanze upya tangu juu.

"Apana," Maître akasema. "Kata. Andika sawa juu yake. Weka herufi zako pembeni."

Nimemjua Ilias miaka tisa, sijawahi kumwona anateseka hivyo. Alikata ile tarehe kwa mstari mmoja mwembamba, akaweka herufi zake pembeni, akaitazama ile karatasi yenye doa kwa muda, ndipo akairudisha. Faili lilitumwa siku ile ile.

Jumatano ikapita, Alhamisi ikapita. Ijumaa saa kumi nilisimamisha cherehani, nikaona hakuna habari, nikaiwasha tena kwa hasira, nikashona mkono wa kulia mahali pa kushoto. Jumanne iliyofuata Amélie mwenyewe aliingia mbio na simu mkononi, viatu hajafunga. Chuo kilimwandikia Maître swali moja, Maître akajibu, na chuo kimesema aje. Tulikumbatiana mpaka nikamchoma na pini. Ilias alitoa kichwa kwenye pazia, akasema Alhamdulillah, akarudi kwake. Tabasamu halikuwepo.

Maana sisi tulikuwa tumemaliza, yeye ndiyo kwanza ameanza. Aliandika tangazo kwa mkono, akalibandika mlangoni petu, nje kabisa, panapoonekana na watu wote:

*Mimi Ilias, karatasi nilizokuskania nilizisafisha. Haikuwa haki yangu. Lete ile yenyewe niiskani upya, bure. Ya zamani usiipeleke ofisini.*

Akafungua diski, akaanza kupiga simu, faili moja baada ya jingine. Na hapo nilifaa, maana nani mwingine alijua "Yule mrefu anayekopa" siku hizi anaishi wapi? Watu wakaja, na midomo yao. Murhula wa pikipiki alimwita mshenzi mbele ya foleni nzima. Mama Ndagala akagoma kabisa: "Unirudishie chai kwenye cheti changu cha ndoa? Mi nataka ile nyeupe!" Wengine walisoma tangazo, wakatikisa kichwa, wakavuka barabara kwenda kwa wale wa fotokopi wa avenyu ya pili. Foleni ikawa fupi, halafu ikaisha. Kuna siku zilipita mashine haikukohoa hata mara moja, na mimi, niliyekuwa nailaani kila siku, nikaikosa.

Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia, ungesema moja tu, ungekuwa unakula vizuri leo. Yeye akaendelea kurudishia mchele kwenye kopo.

Baada ya miezi mitatu na siku kadhaa, Candide akaja. Gauni la kijani, la mkono mrefu, nilimshonea mimi. Nilijua anakuja kwangu, nikasogeza kiti. Akanipita. Akafungua pazia mwenyewe, akatoa bahasha kwenye mkoba. Mahakama ilikuwa imempa hukumu mpya, kopi ya kitabu chenyewe, kavu, na mihuri yake.

"Baba Houda," akasema, "niskanie hii. Uniwekee vizuri, nisiipoteze tena."

Ilias hakunyoosha mkono.

"Mama Amélie, kule Kibenga watu wa skana wapo. Mujini wamejaa. Nilikutia aibu mbele ya notere, kidogo ufungwe. Kwa nini mi?"

Nilisimamisha cherehani ili nisikie vizuri. Candide hakuharakisha, ni mwalimu yule.

"Wale wengine," akasema, "nani aliwahi kuwauliza wamesafisha ngapi? We uliulizwa mbele yangu, na nilimwona dada Raihana akikukanyaga mguu, na bado ukasema zote."

Uso uliniwaka moto nyuma ya pazia langu. Candide akafunua skana, akailaza hukumu kwenye kioo kwa mkono wake, akafunika.

Mashine ikapiga mwanga. Nikachungulia, siwezi kusema uwongo. Kwenye kioo cha kompyuta, kona ya chini, kulikuwa na alama ya dole gumba la karani, nyeusi ti, wino mtupu. Ilias aliitazama. Kisha akabonyeza mara moja tu, kuhifadhi.